Waziri Akataa Ukoko

Mimi na rafiki zangu Askofu na Daktari tulikuwa raundi ya tatu ya dhumuna, chini ya bati la duka la Fefo hapa mjini Baní, na mimi nimebakiza vipande viwili tu, ushindi huu hapa. Pancha akatokea anahema, akajitupa juu ya meza yetu, vipande vyote vikamwagika.

"Jamani, Waziri amegoma kula!"

Askofu akashusha chupa yake polepole. "Waziri wa nchi hii? Huyo nitaamini nikimwona ndani ya jeneza."

"Waziri mbwa wangu!"

Hapo hata mimi nikasahau ushindi wangu. Pancha ni fundi wa matairi, na mbwa wake ana miezi minane. Alimwita Waziri kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kukataa kupokea kitu. Viatu alipokea, sabuni alipokea, bili ya umeme ya Fefo aliipokea na kuimeza pamoja na bahasha. Sasa mnyama wa namna hiyo akigoma kula, mtaa mzima lazima ushtuke.

"Leo siku ya nne," Pancha akasema. "Mama mkwe anamwekea ukoko wake wa wali, uleule wa siku zote, umelowekwa mchuzi wa kuku. Ananusa, ananitazama, anaondoka zake kama mpangaji aliyeonyeshwa chumba akakuta choo kiko nje."

"Na mama mkwe anasemaje?" nikauliza.

"Hapo ndipo penye msiba, Nywele." Mimi ni kinyozi mwenye kipara, ndiyo maana wananiita hivyo. "Anasema amedhalilishwa. Miaka hamsini anapika, hajawahi kurudishiwa sahani, leo arudishiwe na mbwa? Asipokula leo, kesho asubuhi anampandisha basi la Ocoa, kwa kaka yake huko milimani, akalinde mbuzi. Kamba ameshanunua."

Mke wa Pancha yuko Hispania mwaka wa tatu sasa, analea wazee wa watu, na jioni Pancha akifunga kibanda anayemngoja mlangoni ni huyo mbwa peke yake. Tulimhurumia kwa kweli. Mimi zaidi, na sababu yangu nilikuwa naijua.

"Mlete mgonjwa," akasema Daktari. Udaktari wake ni kwamba aliwahi kuendesha gari la muuza dawa za mifugo kwa miaka miwili.

Pancha akapiga mluzi. Waziri akaja anatikisa mkia, tumbo limetangulia. Daktari akamminya mbavu, au pale ambapo mbavu zingekuwa.

"Kaka, mbona huyu amenenepa?"

"Amevimba kwa njaa."

"Njaa gani ina mafuta? Mgongo huu unaweza kutandika kitambaa ukacheza dhumuna."

"Hii ni Kwaresima," Askofu akaingilia. "Mbwa anafunga." Askofu alikuwa mpiga kengele wa parokia, mpaka siku alipoipiga saa nzima kwa sababu timu yetu ya besiboli imeshinda, wakampokonya kamba.

"Acha zako wewe!" Pancha akafoka. "Mbwa ana dini?"

"Wewe unayo na hufungi. Sasa nani bora kati yenu?"

"Labda amependa," nikasema.

"Miezi minane?" Pancha akauliza.

"Wewe ulipenda darasa la tatu, na shule ukaiacha hapohapo."

"Ni kijicho!" akasema Daktari. "Mbwa mzuri huyu, watu wamemtazama vibaya. Mfunge utepe mwekundu shingoni."

"Nilimfunga jana. Ameula."

Askofu akamgeukia taratibu. "Mgonjwa wa kutokula… amekula utepe?"

Hapo Waziri akaanza kazi yake. Alikwenda mbele ya kiti cha Askofu, akakaa, akainua mguu mmoja wa mbele, akangoja. Askofu akatazama juu kukagua bati la Fefo. Mbwa akasubiri, akaona hakuna kitu, akahamia kwa Daktari. Akakaa, akainua mguu. Daktari akaanza kufunga kamba za viatu, naye kavaa ndala. Mbwa akaja kwangu. Mguu juu, macho yananidai kabisa.

"Hebu ngojeni," Pancha akasema. "Mbona anawapitia mmoja mmoja, kama amewazoea?"

Hapo sina budi kusema ukweli wote. Kwaresima kwetu kila nyumba inapika maharage matamu, yale mazito ya tui la nazi, maziwa, mdalasini na vipande vya viazi vitamu, na juu vibiskuti vidogo. Kila nyumba inapeleka bakuli kwa majirani. Kukataa bakuli ni kutangaza vita. Na bakuli la mtu halirudi tupu: unaliosha, unalijaza maharage yako, unalirudisha. Ndiyo maana mpaka Pasaka mtaa mzima unapishana na mabakuli.

Sasa, Donya Eduvigis, mama mkwe wa Pancha, ni mama wa heshima zake. Lakini karafuu! Yule mama anatia karafuu kama anamhifadhi maiti. Na mwaka huu ameshika moto, kila mchana kila mmoja wetu analetewa bakuli.

"Mficha uchi hazai," Askofu akasema, jasho linamtiririka. "Pancha ndugu yangu, mimi nilijaribu. Vijiko viwili. Ulimi ukafa ganzi, nikapiga simu kwa dada yangu akadhani nimelewa. Basi Waziri alikuwa anapita…"

"Askofu! Na wewe?" Daktari akaruka. "Mimi nilidhani ni peke yangu! Nina jino bovu, nikala bakuli la kwanza, jino likapona. Nikasema hii ni dawa, na dawa hailiwi kila siku. Nikampa Waziri."

Wote wakanigeukia. Nikafikiria kudanganya, lakini mbwa alikuwa ameshaweka mguu juu ya goti langu, ushahidi gani tena?

"Na vibiskuti?" Pancha akanong'ona.

"Vibiskuti nilikula mwenyewe," nikasema. "Mimi si mharibifu."

Pancha akashika kichwa. "Mabakuli matatu kwa siku! Nyinyi watu! Mbwa anakula tui la nazi na maziwa, halafu jioni anawekewa ukoko! Hata mimi ningegoma!" Akaanza kucheka, akaacha, macho yakamtoka. "Nitamwambia nini yule mama? Nikinyamaza, mbwa anakwenda Ocoa. Nikisema, ninakwenda Ocoa mimi!"

"Huna haja ya kusema, mwanangu."

Sauti ilitoka ndani ya duka, nyuma ya magunia ya mchele. Donya Eduvigis akajitokeza, karafuu mkononi, pakiti nzima. Askofu akafanya ishara ya msalaba. Daktari akasimama, akakaa, akasimama tena. Mimi nikatafuta mlango, nikakumbuka tuko nje.

"Kwa hiyo maharage yangu anakula mbwa," akasema.

Akatutazama mmoja mmoja, mabega yakaanza kumtikisika. Tukadhani analia. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika nguzo ya Fefo. "Na nyinyi mnadhani yenu anakula nani? Yako, Askofu, yana mabonge kama kokoto. Daktari, yako yameungua tangu mwaka juzi. Nywele, nilikuta unywele! Kwa kinyozi mwenye kipara, sijui ulitoka wapi! Yote namwagia Waziri nyuma ya jiko!"

"Mama," Pancha akasema kwa sauti ndogo, "mimi yako nimekuwa nakula. Miaka kumi na moja. Namaliza na kulamba."

"Wewe unaishi kwangu, ulikuwa na njia gani?"

Tulicheka mpaka Fefo akazima redio aje asikie. Donya Eduvigis akajifuta machozi, akaenda nyumbani, akarudi na sufuria, mabakuli matatu na sahani ya ukoko. Akatupakulia yakafurika. Akavuta kiti, akaketi mbele yetu.

"Kuleni. Nawaangalia."

Tukala. Waziri akapita kwa Askofu, mguu juu. Hakuna kitu. Kwa Daktari, hakuna kitu. Kwangu, nikakwangua bakuli macho yananitoka machozi, hakuna kitu. Akakaa katikati yetu akifikiri. Kisha akaenda kwenye sahani, akanusa, akang'ata. Kru. Kru, kru, kru. Ukoko wote ukaisha, akalamba na sahani. Pancha akapiga magoti akamkumbatia, akimbusu masikio mbele za watu bila haya.

Sisi watatu tulitaka kushangilia, lakini ndimi zilikuwa zimekufa ganzi, tukainua mikono tu.

"Mmeona?" akasema Donya Eduvigis, akikusanya mabakuli. "Mkila nyinyi, na yeye anakula. Basi haendi Ocoa. Kesho saa saba mchana nitakuwa hapahapa na sufuria, na kesho kutwa, hadi Pasaka."

Pasaka bado wiki nne.