Kaka Abdalla Si Meja

Leo nimefedheheka, Rukia na Amina. Tena posta, mbele ya watu wazima wenye stempu mikononi.

Zamu ya kuandika daftari letu wiki hii ni yangu, na sote watatu tuliapa tusifichane, kwa hiyo nayaandika kama yalivyokuwa. Likifika kwenu, lisomeni nyumbani. Si darasani! Wala si chini ya dawati! (Rukia, nakujua.)

Mwamkumbuka kaka yangu Abdalla. Siku alipoondoka kwenda chuo kikuu, bara, Baba alimpa shuruti pale stesheni, garimoshi likiwa limeshapiga honi.

"Mwaka mmoja, Abdalla. Chuo kitaniandikia barua, kinambie wasoma nini. Ikiwa ni jambo la maana, utaendelea. Ikiwa ni upuzi, utarudi dukani tuuze kanga."

"Naam, Baba," akasema Kaka. Kisha akanikonyeza mimi.

Mwaka huo nimeuona mrefu. Chumba chake cha juu Baba amekijaza marobota ya kanga, hata kitanda hakionekani. Zamani (zamani ya mwaka jana tu, lakini mimi naiona zamani sana) baada ya alasiri tulikuwa tukipanda darini, kule juu zianikwako nguo, yeye na kitabu chake cha Kiingereza, mimi na sahani ya mbaazi. Kaka alikuwa hasomi tu. Akiwasemesha wale Wazungu wote wa kitabuni Kimvita chetu. Mtu mkubwa wa Ulaya, amerowa mvua, agonga mlango wa jumba: "Hodi mabwana! Nifungulieni, nafa kwa baridi mie!" Nami nikicheka mpaka Mama apige kelele huko chini kwamba dari litamwangukia.

Tangu aondoke sijakaa darini. Nikianika nguo, naanika na kushuka.

Basi sikilizeni. Leo Jumamosi, yapata saa nne u nusu, Baba karudi nyumbani kabla ya wakati wake. Yuko na Ami Salim, nduguye, ambaye wauza kanga pamoja pale Biashara Street, na wageni wawili kutoka Lamu waliokuja kwa mambo ya mzigo. Mkononi ana bahasha yenye muhuri wa chuo. Haijafunguliwa. Baba husoma Kiarabu na Kiswahili, Kiingereza hana. Duka la jirani yupo karani akijuaye, lakini Baba asema habari ikipita kwa karani yule, adhuhuri imeshavuka kivuko, iko Likoni.

"Tima! Njoo," akaita. "Njoo uwasomee wageni barua ya kaka yako. Huyu mwanangu yuko kidato cha tatu," akawaambia, "Kiingereza kwake ni kama maji."

(Maji ya kisima. Ya chini kabisa.)

Mimi na watu mwanijua, sauti hunipotea. Nilisimama barazani kando ya pazia, na nyuma ya pazia nikamsikia Mama akivuta pumzi. Mwanzo ulikuwa mwepesi. Nikawaambia Abdalla ni mzima, ana adabu, ana bidii. Baba akawa anatikisa kichwa kwa raha. Halafu nikafika kwenye mstari uliosema masomo ya kaka: Historia, na mbele yake neno "major". Fasihi ya Kiingereza, na mbele yake "minor".

Nikaurudia mstari kwa macho.

"Mbona wasita?" Baba akauliza. "Asoma nini?"

Sasa mnieleze nyinyi, mngefanyaje? Meja namjua! Mwaka jana, siku ya michezo, yule Mzungu wa masharubu aliyetupa vikombe, si Misi, mwalimu wetu, mwenyewe alimwita Meja? Na hilo la pili nalijua zaidi. Nilijifunza mlangoni pa sinema, siku ya Idd. Kaka alikuwa amenichukua, nimevaa gauni jipya, na bawabu akatuonyesha bango: "minors" hawaingii. "Watoto," akasema, "rudini kwenu." Nikalia. Kaka angeweza kuingia peke yake, lakini hakuingia. Alininunulia kashata, tukakaa chini ya ukuta wa Ngome, akanisimulia filamu nzima toka mwanzo hadi mwisho, na farasi akawaigiza. Nilipofika nyumbani ndipo nilipokumbuka kwamba filamu yenyewe hajaiona.

Kwa hiyo neno lile nalijua vizuri sana. Nikajikaza.

"Chuo kinasema... Kaka ni meja. Wa historia."

Ami Salim akaweka kikombe chini. "Meja? Meja wa jeshi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Ami."

"Tangu lini chuo chatoa mameja?"

"Siku hizi za uhuru kila kitu chawezekana," akasema mgeni mmoja wa Lamu.

"Na katika hadithi za Kiingereza," nikaendelea (kwa nini sikunyamaza? kwa nini?), "wanasema yeye bado ni mtoto mdogo."

Nyuma ya pazia Mama akapiga ukelele. "Mwanangu wamempa bunduki!"

"Lakini meja ni cheo kikubwa, si haba," akasema yule mgeni, kwa kutaka kutuliza.

"Kikubwa gani, yakhe," mwenzake akamjibu, "naye kwa Kiingereza ni mtoto? Hao askari atawaamrishaje? Kwa ishara?"

Wakacheka. Baba hakucheka. Aliichukua barua mkononi mwangu, akaitazama kama aonaye maandishi kwa mara ya kwanza, akaikunja polepole.

"Nilimpeleka asome," akasema, "wao wamempa bunduki. Na Kiingereza alichotoka nacho hapa, kizuri, wamemrudisha nacho kwa watoto." Kisha akamgeukia Ami. "Salim, posta wafunga saa sita. Nenda ukampigie telegramu. Arudi."

Ami Salim akavaa kofia, akatoka.

Hapa sasa ndipo pagumu kuandika. Nilifurahi. Ndiyo, Amina, kunja uso utakavyo. Mama analia, Baba ameshika tama, mimi moyo wanirukaruka. Kaka arudi! Nikapanda mbio chumbani kwake nikaanza kuyavuta marobota, moja baada ya moja, nimtayarishie kitanda. Na chini ya robota la tatu nikaikuta kamusi yake.

Kaka ana tabia moja. Akijifunza neno, huandika kwa penseli pembeni yake mahali alipokutana nalo. Nikafungua nimtafute meja, nijisifu kidogo. Meja wa jeshi yupo. Lakini chini yake kuna maana nyingine: somo kuu alisomalo mwanafunzi wa chuo. Nikatafuta lile jingine. Mtoto, ndiyo. Na chini yake: somo la pili, dogo, lisomwalo pamoja na lile kuu. Pembeni, kwa penseli: "Sinema, Idd. Tima alilia."

Nikaifunga kamusi. Nikaikalia.

Wallahi niliikalia, tena kwa muda. Nani angejua? Kaka angerudi, angecheka, angeuza kanga, jioni tungepanda darini. Mimi ningesema tu sikuelewa, na kweli sikuelewa! Halafu nikataka kuona, basi tu, neno la fasihi amelipata wapi. Nilidhani ataandika jina la shule yake. Nikafungua tena.

"Darini, na Tima."

Nilishuka ngazi sijui kwa miguu ipi. Nililokota buibui la kwanza mlangoni, la Mama, refu, lafagia chini. Viatu nikavaa vilivyokuwa karibu. Nilipofika Ndia Kuu ndipo nilipoona: kulia champali yangu, kushoto kubadhi la ngozi la mgeni wa Lamu, kubwa kama chano cha wali. Kurudi siwezi. Nikapita hivyo hivyo, pwa, pwa, pwa, mbele ya maduka yote, mimi ambaye siku zote hupita vichochoroni nisisalimiwe. Pale Ngomeni kulikuwa na Wazungu wa meli. Mmoja akanipiga picha. (Huko kwao sasa nitakuwa ukutani, na kubadhi langu.)

Posta pamejaa. Saa ya ukutani imebakisha dakika nne. Ami Salim yuko mbele kabisa, karani wa telegramu ameshaishika fomu yake, penseli iko hewani. Watu kama ishirini kati yetu. Nikamwita, "Ami." Sauti haikutoka. "Ami." Mtu aliye mbele yangu hata hakugeuka. Nikaona penseli inashuka.

"AMI, USIPELEKE! KAKA SI MEJA! MTOTO MDOGO WA KIINGEREZA NI MIMI!"

Mtu mmoja akaacha kulamba stempu, ulimi nje. Wote wakageuka, wakanitazama uso, wakashuka mpaka kwenye kubadhi, wakapanda tena. Na katikati ya safu, amekumbatia kifurushi, ni nani?

Misi. Misi wetu wa Kiingereza.

"Fatma?" akaniita jina langu la shuleni, kwa Kiswahili chake kile. "Ni wewe nasema hivi? Mwaka muzima mimi naomba wewe, sema nguvu, Fatma, sema nguvu. Sasa wewe nasema nguvu hapa posta?"

Nikatamani sakafu ifunuke. Haikufunuka, ni ya saruji.

"We mtoto," Ami akaniita, "meja amekuwaje si meja?"

Nikajaribu kueleza, nikayataja maneno yale mawili. Misi akanisaidia. "Ile moja ni somo kubwa, bwana. Ile ingine ni somo dogo. Yeye nasoma mbili."

Ami akafikiri. "Kama ni dogo, la nini? Huo ndio upuzi wenyewe. Hadithi hata nyumbani zipo." Akamgeukia karani. "Peleka tu."

Ndipo, Rukia na Amina, nilipomshika Ami mkono wa kanzu, mbele ya watu wote wale.

"Ami, kanga ina mji na pindo."

"Ehe?"

"Historia ndiyo mji, pale katikati. Hadithi za Kiingereza ndizo pindo, huku kandokando."

Ami Salim ameuza kanga tangu kabla sijazaliwa.

"Na kanga isiyo na pindo," nikamuuliza, "wewe huiitaje?"

"Kitambaa," akasema polepole. "Hiyo si kanga, hicho ni kitambaa tu." Akavuta ndevu. "Kumbe! Sasa hilo si lingesemwa mapema?"

"Mzee," karani akasema, mtu wa bara, kachoka, "nafunga dirisha. Hii RUDI UPESI naipeleka au siipeleki?"

"Ifute. Andika: MJI NA PINDO TUMEVIPENDA. ENDELEA."

Karani akamtazama. "Mji gani huu?"

"Wewe andika. Mwenyewe ataelewa."

(Hataelewa. Maskini Kaka, jioni hii ameishika karatasi ile, aigeuza huku na huku.)

Tuliporudi, mgeni wa Lamu alikuwa amekaa pale pale barazani, mguu mmoja mtupu, ameukunja chini ya kanzu kwa adabu. Nilimrudishia kubadhi lake bila kumtazama. Ami akamweleza Baba habari ya mji na pindo, akaieleza vizuri kuliko mimi, kama aliyeibuni yeye. Baba akaikunjua barua tena.

"Hana bunduki?" Mama akauliza nyuma ya pazia.

"Hana, Mama."

"Alhamdulillahi."

"Haya," Baba akasema mwishowe. "Basi akija likizo, na atusomee hilo pindo lake, tulisikie."

Mimi nikapanda juu nikayarudisha marobota yote juu ya kitanda, mahali pake. Ni mazito kuyarudisha kuliko kuyatoa. Kamusi nimebaki nayo. Kabla ya kuifunga niliona pembeni ya neno "major" pako wazi, Kaka hajaandika kitu. Nikachukua penseli: "Posta, Jumamosi. Tima alipiga kelele." Kisha nikapanda darini, peke yangu, nikakaa mpaka adhana ya magharibi.

Misi amesema Jumatatu nitasimama mbele ya darasa nisome ukurasa mzima, kwa sauti ile ile ya posta. Naomba msicheke. Mkinicheka, kumbukeni kwamba kurasa za nyuma za daftari hili zimejaa siri zenu nyinyi wawili, na mimi sasa nimeshajua kupiga kelele.