Taa Nyekundu ya Daktari Kutu

Mwenye teksi alikuwa amechuchumaa kwenye uwanja wa kuoshea magari, akibonyeza kivimbe cha rangi mlangoni mwa gari lake, taratibu, kama mtu anayegusa jipu la mtoto. Rangi ikapasuka. Unga wa kahawia ukamwagikia kiganjani mwake.

Daktari Kutu alikuwa akipita na pikipiki yake mpya. Alifunga breki papo hapo. Udaktari wenyewe alijipa wakati akiegesha.

"Pole sana, kaka," alisema. "Ugonjwa umeanza lini?"

Siku chache baadaye alikuwa na meza pale uwanjani. Juu yake palikuwa na glasi mbili za maji ya chumvi, na msumari ndani ya kila moja. Msumari wa kwanza ulikuwa umeoza vibaya. Wa pili, uliounganishwa kwa waya na kisanduku chenye taa nyekundu, uling'aa kama kijiko cha wageni. Na kwa nini using'ae? Ulikuwa wa chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, ndugu wa vijiko. Daktari aliwahi kufanya kazi kwenye karakana ya masinki, mpaka masinki yalipoanza kutoweka.

"Chuma kina ngozi," alihubiri. "Nyembamba, haionekani kwa macho. Ikiwa nzima, maji na hewa havina pa kupenya. Ikichanika, chuma kinaliwa. Kisanduku hiki kinapeleka umeme kidogo tu, ngozi inajishona yenyewe."

Habari ya ngozi ilikuwa kweli, kwa ule msumari wa pili. Kisandukuni mlikuwa na betri, taa, na mchanga wa kukipa heshima.

Watu wakanunua. Ndipo akaja mjane mmoja mwenye miwani minene, akiendesha pikapu ya kijani inayometameta, kijana mjukuu wake pembeni.

"Na gari lililokwisha kuanza kuliwa, mwanangu?"

"Kutu inasimama palepale, mama."

"Hata gari la zamani?"

"Hata la Nuhu."

Watu wakacheka. Daktari hakucheka, alikuwa anaitazama pikapu. Kwa gari kama lile angebeba visanduku hadi mji wa pili kabla mvua hazijaanza kumuumbua. Pikipiki ilikuwa kitu pekee duniani alichokuwa na risiti yake, lakini ilibeba mfuko mmoja tu.

"Mama, gari kubwa hivi la nini kwa watu wawili? Tubadilishane. Pikipiki mpya, haili mafuta, hata mjukuu wako ataiendesha."

Mjane aliipapasa boneti. "Hili ni la marehemu. Kila Jumapili alikuwa analipaka rangi kwa mkono wake. Nikimwita chakula, ananiambia bado kidogo." Akaifuta miwani yake. "Haya. Lichukue."

Daktari akainama haraka achungulie chini ya mlango.

"Unatafuta nini huko, daktari?" aliuliza mjane kwa upole.

Watu wakageuka kumtazama. Mwenye teksi, aliyekuwa ananunua kisanduku cha pili kwa ajili ya shemeji yake, akarudisha mkono mfukoni.

Daktari alitaka sana kugonga bodi lile kwa kidole asikie linajibu nini. Lakini daktari wa kutu anayeogopa kutu atamuuzia nani dawa?

"Natafuta pa kufungia kisanduku," alisema.

"Vizuri. Kifunge tuone."

Alikifunga mbele ya dashibodi, taa ikawaka, watu wakapiga makofi. Mjane akapokea ufunguo na risiti. Daktari akatupia mfuko wa mapato na visanduku vilivyobaki miguuni pake, akaondoa gari kwa mbwembwe.

Kwenye tuta la kwanza pikapu iliguna. Kwenye la pili, sakafu ikaachia kama karatasi iliyolowa chai. Mfuko ukaenda nayo. Daktari akaiona lami ikipita katikati ya viatu vyake, akasimama kwa breki na kwa visigino.

Mwenye teksi alikuwa nyuma yake. Aliokota mfuko, akaokota kisanduku kimoja kilichodondoka humo na kupasuka, akamimina mchanga kiganjani kama alivyomimina kutu siku ile. Akaja dirishani bila haraka.

"Pole sana, daktari. Ugonjwa umeanza lini?"

Kwa mbali pikipiki ilisikika ikiondoka, mjane amepakiwa na mjukuu wake, anacheka peke yake.

Mwenye teksi akachungulia ndani. "Au hukuwasha?"

Mbele ya dashibodi, taa nyekundu ilikuwa inawaka vizuri kabisa.