Ofisi ya Mkurugenzi Yapandishwa Paani

Idara ya Unyanyuzi Salama ina furaha isiyo kifani kuutangazia umma kwamba, tangu inunue programu ya kompyuta, hakuna kitakachodondoka tena bila idhini.

Programu alikabidhiwa mhandisi ambaye wenzake walimwita Bwana Kijani. Unaiambia unene wa sikio la chuma lililochomelewa kwenye mzigo, ukubwa wa tundu la kupitishia ndoano ya kreni, na uzito wenyewe. Inapiga hesabu kama sikio litachanika, litapinda au litang'oka. Ikitoa rangi ya kijani, nyanyua. Nyekundu, acha. Bwana Kijani hakuwa mtu wa kuvumilia nyekundu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuipandisha ofisi ya Mkurugenzi, kontena zima, juu ya paa la idara, ili awe karibu na maono. Ndani mlikuwa na meza ya marumaru na makabati ya chuma. Programu ikatoa nyekundu.

"Rangi hiyo inanivunja moyo," alisema Mkurugenzi. "Na wewe si unasubiri kupandishwa cheo?"

Bwana Kijani alikuwa anasubiri mpaka mvi zimemwota. Basi akafuta uzito, akaandika wa kontena tupu. Kijani! Akajimiminia chai, akajiona bingwa.

Siku ya uzinduzi, Mkurugenzi akaketi mezani ndani ya kontena. "Napanda nayo, wananchi waone imani yangu. Mhandisi, ingia!"

Akaingia, angesemaje? Kreni ikavuta. Sikio moja likalia kriii. Hapo Bwana Kijani akatambua kuwa ana shahada mbili na akili ya kuku, na kwamba anawapenda wanawe kuliko cheo.

"Shusha! Shusha!" akapiga kelele. "Bosi, niliandika uzito wa ofisi tupu!"

"Kwani humu kumezidi nini?"

"Meza, makabati... na wewe, mzee wangu."

Wakashushwa. Kamati ya idara ikakaa papo hapo, ikaamua kuwa kompyuta haikosei, kwa hiyo kinachorekebishwa ni mzigo. Meza ikatolewa, makabati yakafuata, Mkurugenzi akatoka wa mwisho. Kontena likapanda tupu, shwari kabisa.

Ngazi ya kufikia paani bado inajadiliwa. Mkurugenzi yuko uani na meza yake, juani, hana mlango wa kufunga wala katibu wa kusema yuko kikaoni. Kila mpita njia anamkuta, anamweleza shida yake, anajibiwa. Wananchi wameomba kwa unyenyekevu ngazi isijengwe, na aliyetangulia kunyoosha mkono ni Bwana Kijani.