Harusi ya Tuye kwa Jicho la Usasaleo

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Juzi Madam Peris, mhadhiri wetu wa fasihi, alitoa kazi: kila mtu achague filamu, aichambue kwa nadharia ya usasaleo, awasilishe Jumamosi. Atakayeshinda anaenda kongamano Nairobi. Usasaleo, nilivyoelewa mimi: hakuna hadithi kuu yenye ukweli wote, nakala yaweza kuishinda asili, na aliyetengeneza kazi huhesabiwa amekufa. Maana ni ya mtazamaji. Safi! Nadharia ambayo haiwezekani kuikosea.

Fathia, wa kwanza kila muhula, ameshajaza nusu daftari. Nina mpango bora. Nitachambua filamu ambayo hakuna darasani aliyewahi kuiona: video ya harusi ya binamu yangu Tuye, kule Merti. Nani atanipinga?

Jumanne, 9 Septemba
Dukani, ninakouza dawa za mifugo. Mchana. Upepo tu, hakuna mteja. Nimeitazama video nikiwa nimeegemea magunia ya chumvi. Dakika ya arobaini, Sakariye, shemeji yake Tuye aliyekuwa akirekodi, alisahau kamera juu ya pikapu. Dakika ishirini na mbili za ngamia mmoja! Anatafuna. Anatazama upande wa mto. Vumbi linapita kama maziwa yaliyomwagika hewani. Anatafuna.

Sijui kama nililala. Niliona ngamia amevaa joho, Nairobi nzima inapiga makofi, Fathia amenibebea mkoba. Nilipozinduka, mzee mmoja alikuwa ananiuliza kwa mara ya tatu kama kuna dawa ya kupe. Nikamjibu kwamba harusi haina kitovu. Akaenda duka la jirani.

Alhamisi, 11 Septemba
Mtaani Kiwanjani, kwa Shangazi Habibo, mama yake Tuye. Nilitaka flashi yenye video safi. Shangazi ndiye aliyenilea. Nilimwambia wasomi wanataka kuona harusi ya Tuye. Machozi yakamlengalenga. Akauliza kama wataona pale anapocheza yeye. Nikasema pale ndipo penye moyo wa filamu. (Nitapaondoa. Panamharibia ngamia.) Akasema basi Jumamosi atakuja. Nikacheka. Chai ya maziwa ya ngamia, vikombe vitatu. Nilirudi nyumbani nikielea.

Jumamosi, 13 Septemba
Balaa!

Nilikuwa mbele ya darasa, ngamia ukutani, sauti yangu tamu. Mlango ukafunguliwa. Salaam aleikum! Shangazi, Tuye na mtoto mgongoni, na majirani wanne waliojifukiza ubani wa uunsi. Wakaketi mstari wa kwanza.

Ningenyamaza. Sikunyamaza. Nikasema hapa hakuna bibi harusi halisi, kuna picha inayoiga picha nyingine.

Shangazi akasimama. “Wewe Gollo, unasema msichana yangu hajaolewa?”

Nikasema katika usasaleo swali hilo liko wazi.

“Iko wazi?” Tuye akauliza. “Na huyu mtoto nimebeba ni nadharia?”

Darasa likaangua kicheko. Shangazi akauliza mahali anapocheza pako wapi, na nani amepaondoa. Nikaona nijifiche nyuma ya nadharia. Nikatamka, kwa uzito, kwamba aliyetengeneza filamu hii amekufa.

“Sakariye?” Tuye akasema. Akakaa chini sakafuni.

Innalillahi! Kilio kikapanda. Nilijaribu kueleza kwamba amekufa kinadharia tu. Hakuna aliyesikia. Majirani walishapiga simu Merti, Merti ikapiga Kipsing, habari ikasambaa. Madam Peris alikuwa ameshika kichwa. Ngamia aliendelea kutafuna.

Jumapili, 14 Septemba
Sakariye amefika juu ya lori la mbuzi, ili watu wamwone. Simu yake ilikuwa haina chaji tangu Ijumaa. Waombolezaji nao wamefika. Ameketi kwa Shangazi akiwapokea mwenyewe, na kila mmoja anamweleza alivyomlilia. Anauliza nani alilia zaidi. Sijamwona mtu mwenye furaha hivyo.

Shangazi hanisemeshi. Alinipita na birika kana kwamba mimi ni ukuta. Hilo limeniuma kuliko yote, nalikiri hapa tu. Fathia alikuwa ndani na akina mama, wanatazama video nzima, pamoja na dansi ya Shangazi, kila mmoja akiisimulia kivyake. Fathia anaandika. Anaandika sana.

Jumanne, 16 Septemba
Fathia anaenda Nairobi. Mada yake: harusi moja, wasimuliaji saba. Madam Peris amesema huo ndio usasaleo, na kwamba mimi niliomba radhi vizuri kuliko nilivyochambua. Ni kweli, nilienda kuomba radhi. Shangazi alinisikiliza, akanipa kitunguu nikate. Kwa Shangazi huo ni msamaha, au mwanzo wake. Nilitoka pale mwepesi, mawingu yamelala juu ya vilima, nikaapa kwamba mimi na filamu basi.

Jioni Madam akatangaza nadharia ya muhula ujao: uchanganuzi wa nafsi. Siri zilizofichika ndani ya mtu! Nimekumbuka kuna video ya mkutano wa maji Kipsing, saa tatu nzima, na chifu anaonekana vizuri sana. Nimempigia. Nimemwambia wasomi wanataka kumwona. Amefurahi mno. Anauliza kama anaweza kuja na wazee wake.

Nimesema karibuni.