Sadaka ya Viti Viwili

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Leo nimeamua kuwa mkarimu. Nimeamua saa tatu asubuhi, nikiwa mlangoni mwa duka langu, baada ya kutazama ng'ambo ya barabara na kumwona Dagane akipigwa picha. Dagane anauza mabati na simiti. Mwezi uliopita alikipa Kituo cha Akina Mama tangi la maji, na jina lake likaandikwa juu yake kwa herufi ambazo ngamia wa Kotile anaweza kuzisoma bila kuondoka Kotile.

Tangi! Plastiki yenye maji ndani.

Mimi nitatoa gari. Gari la Kijapani, jekundu, adimu. Nililinunua mwaka jana kwa mzee mmoja wa Nairobi anayekusanya magari ya zamani. Aliniapia kwamba Afrika Mashariki nzima yapo mawili, na la pili halina injini. Lina viti viwili. Milango haifunguki kando, inapanda juu kama mbawa za tai. Tangu lifike Garissa nimeliendesha mara nne tu, maana likikuta tuta linakaa juu ya tuta kama kuku anayeatamia.

Mke wangu, Sharifo, amesema hilo ndilo wazo langu bora tangu tuoane. Mbuzi wake watarudishiwa kivuli kilichokaliwa na gari. Sikuipenda sababu hiyo.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda kituoni kuonana na nesi Arbia, msimamizi. Nimemweleza kuhusu gari, mbawa na Afrika Mashariki nzima.

"Salah," akasema, "mama mjamzito atakaa wapi?"

Kiti cha abiria, nikamjibu. Akauliza mkunga je. Nikasema kiti cha dereva. Akauliza dereva je. Hayo ni maswali ya mtu asiyejua kupokea. Kisha akasema kituo kinahitaji magodoro, na mimi ninauza magodoro. Nikamweleza taratibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kupigiwa makofi kwa godoro. Gari ni hazina! Kituo kitaliuza kwa mkusanyaji fulani na kununua gari la wagonjwa. Hapo akatabasamu.

Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe nimelitangaza miezi saba, na aliyepiga simu ni mtu mmoja tu, akiuliza kama linatumia betri za tochi.

Sherehe ni Jumamosi. Jina langu litaandikwa kwenye gari. Kubwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mchoraji Warfa amekuja na kopo la rangi nyeupe. Nilimwagiza aandike SADAKA YA SALAH. Rangi ikamwishia kabla ya herufi ya mwisho. Sasa gari linasema SADAKA YA SALA. Watu wawili wamekwisha kuniuliza ni sala ya saa ngapi.

Mchana nimefanya mazoezi ya kuingia kwa heshima. Unatanguliza makalio, kisha kichwa, miguu inakuja yenyewe. Kutoka ni kinyume chake, na panahitajika ukuta wa kushika. Sharifo alikuwa akitazama. Kisha akaita majirani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitaandika yote.

Hema lilikuwa limejaa. Chai, sambusa, wazee, Dagane mstari wa mbele na kofia mpya. Mpango: nifike, nisimame, mbawa zipande, watu washangae. Nilifika. Nikaingiza gari chini ya hema kwa sababu ya jua. Mbawa zikapanda kiasi cha kiganja, zikagonga nguzo za hema kila upande, zikakwama. Injini nayo, kwa joto, ikazima.

Nikawa ndani. Dirisha la gari hili lina upana wa sahani. Wakanipitishia maikrofoni humo, nikasoma hotuba yangu yote, kurasa nne. Kwa mujibu wa Sharifo, kilichoonekana ni ndevu zikizungumza. Mwishowe Dagane na wanaume wanne wakalisukuma gari hadi nje. Makofi. Yote ya Dagane.

Nilikuwa bado natafuta ukuta wa kushika nitoke, mara vilio kutoka upande wa wanawake. Iftin, mke wa mwalimu Ridwan, alikuwa amekuja kunywa chai tu. Siku zake za kujifungua zilikuwa bado. Arbia akamchunguza, akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali kuu upesi. Pikapu ya Dagane ilikuwa imekwenda kuleta maji. Wengine wote walikuja kwa miguu au bodaboda, na Iftin hakuweza kukaa kwenye bodaboda.

Arbia akanitazama. "Washa gari, Salah."

Wallahi, likawaka. Mama yake Iftin, bibi Maano, alilizunguka mara moja na kuuliza, "Hii ni gari ama kabati?" Lakini akamlaza mwanawe kwenye kile kiti, akakirudisha nyuma kadiri kilivyokubali. Mlango haukufungika. Tukaondoka na ubawa mmoja juu, Arbia kwenye bodaboda pembeni, akimwambia Iftin apumue. Nami nikawa napumua.

Matuta yalikuwa matatu. Kwenye kila tuta Dagane na wale wanne, waliokuwa wakitufuata, walishuka kwenye bodaboda zao, wakalibeba gari sisi tukiwa ndani, wakalitua upande wa pili, wakapanda tena. Iftin alikuwa ameshika ndevu zangu. Akaniuliza, kwa sauti ndogo sana, "Adeer, ami yangu, nitakufa?"

Nikamwambia hafi. Sikuwa na ushahidi wowote. Sikufikiria jina langu wala tangi la mtu. Nilitazama barabara na kusoma dua zote nilizofundishwa utotoni, hata ile ya kula.

Mvulana. Wote wawili wazima. Daktari amesema kuchelewa kidogo tu kungekuwa habari nyingine. Nikakaa chini nje ya wodi na kulia. Dagane akakaa kando yangu, akanipa kofia yake mpya nifutie uso. Alhamdulillahi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kuna video. Mji mzima umeiona. Dagane anaonekana akibeba gari kama shujaa, misuli na yote. Mimi nimo pia: ni ule mkono kwenye usukani, sekunde mbili.

Alhamisi, 16 Oktoba

Video imefika Nairobi. Mwanamke anayeitwa Kaaha, mkusanyaji wa magari ya Kijapani, ameitambua ile milango. Leo amefika na lori la kubebea magari, na nyuma yake gari jeupe la wagonjwa lenye kitanda na nafasi ya mkunga. Amebadilishana na kituo hapo hapo. Alipoliona gari langu alilipapasa boneti kama mtu aliyempata ndugu. Arbia ameliandika gari jipya IFTIN. Dagane akasema jina limefaa. Mimi pia nikasema limefaa, baada ya Sharifo kunikanyaga mguu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Karamu ya kumpa mtoto jina. Nilivaa suti. Nilikuwa nimeandaa maneno ya mtu anayeona haya kupewa heshima kubwa. Ridwan akasimama, akasema mtoto ataitwa Dagane.

Nikala nyama. Ilikuwa nzuri.

Arbia alinifuata mlangoni, akaniambia kwamba Iftin amewasimulia watu wote jinsi sauti yangu ilivyomtuliza. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa na furaha, na sikumtaja Dagane hata mara moja kwa karibu dakika kumi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimepigiwa simu na mtu wa Lafey. Anauza gari dogo la zimamoto la Kijapani. Yapo matatu duniani. Ngazi yake inafika ghorofa ya nne, na mlangoni pana nafasi kubwa sana ya kuandika. Nimemwambia alilete.

Kituo hakina ghorofa. Wajenge.