Bunge la Simba na Mbuzi, Darasa la Kwanza

Jumatatu, 9 Februari

"Mtoto wa darasa la kwanza hafundishwi kucheza. Mpe mpira, kaa pembeni, mwangalie." Maneno ya Madam Elieth, leo, ofisini, mdomo umejaa kitumbua. Na walimu wenzangu wakatikisa vichwa kukubali! Watu wenye vyeti!

Nilimjibu papo hapo. Nikasema hata mbuzi wa jirani huachwa wakazurura, na hakuna anayeita kuzurura kwao elimu ya michezo. Nikasema mchezo usio na nadharia ni fujo iliyovaa sare. Nikagusia Wagiriki wa kale. Nilipofika kwa Warumi kengele ikalia, wakatoka wote. Elieth kaondoka na kitumbua cha pili. Sikupingwa tena. Ushindi.

Lakini hatari ipo. Mwalimu Mkuu, Bi Mwantum, mwanamke wa Kondoa asiyetabasamu kabla ya chai ya saa nne, ametangaza kwamba Ijumaa wazazi watakuja kututazama, mimi na Elieth, kila mmoja na kipindi chake uwanjani. Atakayefanya vizuri anapewa michezo ya madarasa ya chini. Atakayeshindwa anapewa kitengo cha mazingira.

Mazingira maana yake vyoo.

Mimi! Niliyekipigania kipindi cha michezo miaka yote! Niliyewaandikia wahariri wa magazeti mpaka wakaacha kunijibu! Vyoo!

Jumanne, 10 Februari

Andalio la somo limekamilika. Zuri mno. Mchezo: Simba na Mbuzi. Simba anakaa katikati ya uwanja, mbuzi wanavuka kutoka mstari huu kwenda ule, anayekamatwa anageuka simba. Rahisi. Utangulizi tu ndio mrefu kidogo: maana ya kuwinda, maana ya kuwindwa, haki za mbuzi.

Nimelijaribu leo. Nilipofika kwenye haki za mbuzi, nusu ya darasa walikuwa wamelala kwenye nyasi. Waliobaki walikuwa wakizing'oa na kulishana. Damas akanyoosha mkono. Nilifurahi: hatimaye swali! Akauliza kama hili ni somo la Uraia, maana kama ndilo, daftari lake kaliacha darasani. Kengele. Hakuna aliyekimbia, isipokuwa kurudi ndani.

Upande wa pili watoto wa Elieth walikuwa wanacheza rede, wanarushiana mpira, wanakwepa, wanapiga kelele kama wako mnadani. Ushenzi mtupu. Aliponiona akanipa shikamoo ndefu yenye kicheko ndani yake. Nikaitikia kwa ufupi.

Jioni Generosa, mke wangu, kaniletea zabibu za Makutupora na maoni yake. Ati, Baba Denis, mtoto wa miaka saba anataka kukimbia, hataki semina. Nikamweleza kwamba fikra za namna hiyo ndizo zilizoiangusha Roma. Akasema yeye alisikia Roma ilianguka kwa kuchoka kusikiliza. Nimekula zabibu zote peke yangu.

Jumatano, 11 Februari

Wazo limekuja nikinyoa ndevu. Nimejikata, lakini wazo ni kubwa!

Nadharia haina kosa. Kosa ni kwamba wananchi hawajashirikishwa. Watoto watunge kanuni wenyewe! Hapa si ndiyo Dodoma? Nusu ya darasa, wazazi wao ni madereva, walinzi, wapishi na makarani wa huko bungeni. Watoto hawa hutazama Bunge kwenye runinga kama wenzao wanavyotazama katuni. Kwa hiyo: Bunge la Mchezo. Spika, hoja, kura, halafu mbio.

Uspika nikampa Sabrina, ambaye mama yake hunukuu mijadala. Katoto kakali. Kabla sijamaliza kueleza, Damas akasimama: "Taarifa, Mheshimiwa Spika!" Taarifa yenyewe: kiatu kinambana. Mwenzake akaomba mwongozo kuhusu aliyemfinya. Baada ya hapo kila mtoto akataka mwongozo. Kwa kuwa uwanjani hakuna meza, wakapongezana kwa kugonga ardhi, na vumbi likapanda mpaka Spika akatoweka. Nilisisimka kweli.

Kisha mbuzi wakahoji kwa nini wao waliwe. Hoja nzito! Basi mbuzi mmoja akahamia upande wa simba. Wa pili akamfuata. Wakahama wote. Darasa zima simba, mbuzi hakuna hata wa dawa. Kengele.

Hakuna aliyekimbia leo pia. Lakini mjadala ule!

Alhamisi, 12 Februari

Vita ni vita. Asubuhi nimefungia mipira yote stoo. Nikamwambia Elieth naikagua upepo. Hakugomba. Kasema asante Mwalimu, usijichoshe, kaa nayo tu.

Saa tano natazama dirishani, watoto wake wanacheza rede. Wamefunga mipira ya soksi na mifuko ya nailoni, kwa mikono yao wenyewe, kwa dakika chache. Wanaruka kama panzi.

Soksi moja naifahamu. Nilikuwa nimeianika dirishani ofisini baada ya mvua. Wizi wa mali ya mtumishi! Nimekaa mguu mmoja wazi hadi jioni.

Ijumaa, 13 Februari

Naandika nikiwa nimekanda magoti.

Wazazi walijaa. Elieth alianza na rede yake. Hakuna utangulizi! Mama mmoja akavua viatu akaingia uwanjani, wengine wakashangilia. Mbwembwe za bei rahisi kabisa.

Zamu yangu. Nikawageukia wazazi nikaanza na Wagiriki. Sabrina akanikatiza: "Mheshimiwa Mwalimu, muda wako umekwisha. Kaa chini." Nikakaa. Mimi ni muumini wa kanuni. Wazazi wakacheka, sijui nini.

Damas akasimama. Natoa hoja, kasema, sisi wote simba, Mwalimu awe mbuzi. Hoja ikaungwa mkono na wote. Nikaomba kutoa taarifa. Spika akaikataa. Wanaosema ndiyo? Ndiyooo! Hata wazazi, ambao hawakuwa wajumbe! Wanaosema siyo? Mimi peke yangu. "Waliosema ndiyo wameshinda!"

Darasa zima likainuka likinguruma.

Nilikimbia. Nikazunguka goli, nikapita jikoni nusura niangukie sufuria ya uji, nikakatisha bustani ya mchicha. Nyuma yangu simba wanacheka, wanaanguka, wanainuka, wanakuja tu. Mbele yangu mlango. Nikaingia, nikashusha komeo.

Choo.

Sauti ya Bi Mwantum ikaja kutoka nje, akiuliza kama ni mzima. Nikasema ni mzima. Akasema vizuri, basi anza kuzoea, kwa sababu hicho ndicho kitengo chako. Naye Elieth akasema tangu afike shuleni hajaona watoto wakikimbia vile, akaniomba, tafadhali Mwalimu Cornel, njoo kwangu kila Ijumaa uwe mbuzi.

Nikakataa kupitia tundu la mlango. Mimi ni mwananadharia.

Jumapili, 15 Februari

Generosa anasema Ijumaa ndiyo siku pekee niliyowahi kufundisha michezo. Maskini, haoni mbali. Kosa liko wazi: utangulizi ulikuwa mfupi.

Na hivyo vyoo! Walidhani wamenizika. Wapi! Foleni ya chooni ni kipindi kizima kinachopotea: kusimama wima, kupumua, kubana. Misuli mitupu! Na hakuna mtoto anayeweza kuniacha nikizungumza akaondoka zake. Bunge la Foleni linaanza kesho. Tangazo nalibandika getini alfajiri:

Wazazi wa darasa la kwanza, hasa ninyi mliopiga kura Ijumaa bila kuwa wajumbe! Kuanzia leo mtoto wenu haingii chooni kabla ya kutoa hoja, kuungwa mkono na kusikiliza utangulizi wangu hadi mwisho. Acheni kulalamika. Kila mtoto aje na kaptula au sketi ya akiba. Anayekunywa uji, aje nazo mbili.