Kura Yangu Moja, Mashine na Sanduku

Quionga, 2013

Senhor Arsénio,
Msimamizi wa uchaguzi wa kamati yetu ya kuzungumza na watu wa kampuni ya gesi,

Salamu nyingi. Nakuandikia kitandani. Daktari ameacha kunikataza chumvi, kwa hiyo najua nilipofika. Kamati hii ndiyo itakayotetea makaburi yetu yasihamishwe, nami nataka kuzikwa kando ya mama yangu. Nimegombea, nimepata kura moja. Zilizobaki zote amepata Dalila, muuza nazi. Nalalamika:

1. Kila nyumba niliyopiga hodi nilipewa chai nikaambiwa, "Mwalimu, kura yako ipo." Nilikunywa mpaka miguu ikavimba. Ipo wapi?

2. Zamani, kwa karatasi peke yake, aliyeshindwa aliwalaumu makarani, na jioni akasalimiana na jirani zake vizuri. Wewe umeleta mashine inayohesabu kura, kisha inatoa karatasi yenye jina lililobonyezwa, mpiga kura anaisoma na kuitia sandukuni. Mashine imesema moja. Sanduku likafunguliwa mbele ya watu, nalo likasema moja. Sasa nimlaumu nani?

3. Mashahidi wakisema sawasawa neno kwa neno, kadhi huwauliza jana walilala wapi. Karatasi hii imetoka tumboni mwa mashine. Mtoto atampinga mamake?

4. Faquir, mshona nyavu, ananisalimu dirishani: "Mwalimu, moja si haba, angalau ulijikumbuka mwenyewe!"

5. Naomba uchaguzi urudiwe bila mashine wala karatasi. Watu wapange mstari uwanjani nyuma ya mgombea wao, nami niletwe na kitanda changu. Tuone nani atanipa mgongo.

Nisalimie mkeo Ermelinda, watoto na makarani wote, hata fundi wa mashine, ingawa mkono simpi.

Wako mwenye haraka,
Abdurremane Assane, mwalimu mstaafu

Nyongeza: Mke wangu Ancha ameisoma barua akalia. Ameapa kwamba kura ile moja ni yake, nami namwamini. Sasa amekwenda kutafuta bahasha, kwa hiyo naandika upesi. Dalila alipopiga hodi kwangu, nami nilimpa chai nikamwambia kura yake ipo. Kwenye mkutano na watu wa gesi mimi nilisinzia. Yeye aliwafuata mpaka garini akiwauliza habari za makaburi. Mbele ya mashine nikamkumbuka mama. Nikabonyeza jina la Dalila, nikaisoma karatasi, nikaitia sandukuni. Usirudie chochote. Ila Ancha akikuuliza, mwambie mashine ilikosea, na sanduku pia.